Sura ya Nne: Blogu Ndogo Hukua kwa Kurasa

Ushauri anaopewa siku hizi mtu anayetaka kuanzisha blogu yake binafsi karibu wote unahusu umati: namna ya kuwapata wasomaji elfu moja wa kwanza, saa nzuri ya kuchapisha, kichwa cha habari cha kumfanya mtu abonyeze. Ushauri huo umetoka kwenye biashara ya matangazo, ambako jicho la msomaji ndilo linalouzwa, na kwa mwenye biashara hiyo una mantiki yake. Kwa mtu mwenye kazi yake ya mchana, familia, na bando la intaneti analolinunua kwa wiki, unapeleka nguvu mahali pasipostahili. Hoja ya sura hii ni kwamba blogu ndogo hukua kama daftari linavyokua, ukurasa baada ya ukurasa, na kwamba kipimo chake cha kweli ni kurasa ambazo bado zinamfaa mtu miaka mitano baada ya kuandikwa. Wasomaji huzifuata kurasa hizo. Mwandishi anayeanza kwa kuwahesabu wasomaji hukata tamaa mapema, kwa sababu miezi ya mwanzo hakuna wa kumhesabu, na huko ndiko blogu nyingi zilikofia zikiwa na machapisho machache tu.

Tuanze na chombo chenyewe. Huduma ya Blogger ilizinduliwa mwaka 1999, na Google ikainunua mwaka 2003. Mwaka huo huo Matt Mullenweg na Mike Little walitoa toleo la kwanza la WordPress. Kabla ya programu hizi, mtu aliyetaka kuwa na ukurasa wake kwenye intaneti mara nyingi ilimlazimu ajue kuandika HTML na kuipakia mwenyewe kwenye seva. Kazi hiyo ilipoondolewa, yalibaki mambo mawili ambayo watu huyapita haraka bila kuuona uzito wake: kila andiko lina tarehe, na kila andiko lina anwani yake peke yake isiyobadilika. Anwani hiyo ndiyo roho ya blogu. Ndiyo inayomwezesha mwalimu wa Songea kumtumia mwenzake wa Kigoma ukurasa mmoja mahususi, Google kuupata ukurasa huo, na mwandishi mwingine kuutaja na kumpeleka msomaji wake pale pale. Linganisha na ujumbe mzuri uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Asubuhi unasomwa na watu mia mbili. Jioni umeshafunikwa na salamu, picha za harusi na michango ya vikao, na mtu aliyejiunga wiki iliyofuata kwa kawaida hawezi kuuona. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maarifa ni mali.

Kilimo cha nyanya kinalionyesha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote wa mjini. Kuna nondo mdogo ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta, asili yake Amerika Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, akaenea kandokando ya Mediterania, akaingia Afrika, na kufikia mwaka 2014 alikuwa ameshathibitishwa Kenya na Tanzania. Wakulima wa Tanzania walimpa jina la kantangaze. Viwavi wake huchimba ndani ya jani, kisha ndani ya tunda. Jike mmoja huweza kutaga mayai yapatayo 260, na kukiwa na joto kizazi kipya hukamilika chini ya mwezi mmoja, hivyo msimu mmoja wa nyanya hubeba vizazi kadhaa, na shamba lisilodhibitiwa huweza kupotea lote. Tena huzoea sumu upesi. Dawa iliyomuua mwaka jana inaweza isimtishe mwaka huu. Mkulima wa Ilula mkoani Iringa, au wa Kirinyaga nchini Kenya, anahitaji kujua mambo ya mahali pake: mitego yenye harufu ya jike ilianza kunasa madume mwezi gani, ni dawa ipi iliyoshindwa na ilipulizwa mara ngapi, aliyetanguliza mahindi au vitunguu kabla ya nyanya alipata nini, na masalia ya mimea yaliyoachwa shambani baada ya mavuno yalimgharimu jirani kiasi gani. Vitabu vya kilimo vinayaeleza maisha ya mdudu huyu. Msimu wa mwaka huu wa Ilula havina, wala haviwezi kuwa nao.

Sasa tumchukulie mkulima mmoja aliyeamua kuyaandika hayo, ukurasa mmoja kila baada ya wiki mbili, wenye tarehe, jina la kata, jina la dawa na matokeo. Mwezi wa kwanza husomwa na shemeji yake na rafiki wawili. Mwaka wa kwanza ukiisha ana kurasa zaidi ya ishirini. Wa tatu ukiisha ana zaidi ya sabini, na hapo hali inakuwa nyingine. Mtu wa Mbeya anayeandika kwenye simu "kantangaze amerudi baada ya kupiga dawa" anakutana na ukurasa unaolijibu swali lake hasa, kisha anagundua kwamba mwandishi amelifuatilia jambo hilo kwa misimu sita. Anasoma na kurasa nyingine. Afisa ugani anauhifadhi ule wa mitego na kuutuma kwa vikundi vyake. Hapa Kiswahili ni faida kubwa ambayo wanablogu wetu hawajaitumia ipasavyo. Maswali yanayoulizwa kwa Kiswahili kwenye simu ni mengi, na kurasa zinazoyajibu kwa undani ni chache, kwa hiyo ukurasa mmoja uliofanyiwa kazi unaonekana haraka kuliko ambavyo ungeonekana katika bahari ya Kiingereza. Mwandishi asaidie kwa kuweka kwenye kichwa cha habari maneno yale yale anayoyatumia mwenye shida: jina la mtaani la mdudu pamoja na la kitaalamu, maana Kenya wapo wanaomwita Tuta tu. Utafutaji nao una kanuni yake tangu Larry Page na Sergey Brin wa Google walipoieleza mwaka 1998: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine hupewa uzito. Mtu hutajwa kwa sababu ameandika kitu cha kutajwa.

Wanaodhani haya ni mambo ya zama za kompyuta wamtazame Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1891 na 1947. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo la Kiswahili liitwalo Sahifa, na mwaka 1932 likafuatwa na Al-Islah. Halikuwa na shirika kubwa nyuma yake, na halikuwa na haja ya kusomwa na bara zima. Lilikuwa sauti ya mtu mmoja akizungumza na watu wa mji wake juu ya elimu ya watoto, uvivu na ubadhirifu, kuiga mambo ya Wazungu bila kuchuja, na kudorora kwa hali ya Waislamu wa pwani. Makala fupi, jambo moja kwa wakati mmoja, lugha ya wasomaji wake. Makala hizo baadaye zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na mwaka 2017, miaka 87 baada ya Sahifa kuanza, zilichapishwa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza chini ya uhariri wa Kai Kresse. Kama thamani ya Sahifa ingepimwa kwa idadi ya nakala zilizouzwa Mombasa katika wiki moja ya mwaka 1930, lingeonekana jambo dogo sana. Lililoliinua ni kwamba makala zilihifadhika, zikakusanyika, na kwa kukaa pamoja zikawa fikra kamili ya mtu mmoja kuhusu jamii yake, ambayo msomaji wa leo anaweza kubishana nayo.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi, na unaonyesha nini hutokea daftari la namna hii linapohitajika ghafla. Ory Okolloh, mwanasheria wa Kenya, alikuwa na blogu iitwayo Kenyan Pundit, alikoandika juu ya siasa na uwajibikaji wa viongozi. Uchaguzi wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, vurugu zikalipuka na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari. Watu walitafuta mahali pa kusema waliyoyaona, na wengi wakaenda kwenye blogu ile. Walimwandikia kwa barua pepe na sehemu ya maoni: nyumba zilizochomwa, barabara zilizofungwa, watu waliouawa. Mwanzoni mwa Januari 2008 aliandika akiuliza kama kuna wataalamu wa kompyuta wanaoweza kuziweka taarifa hizo kwenye ramani. Walioitika ni Erik Hersman na Juliana Rotich, ambao nao walikuwa na blogu zao, pamoja na mtayarishaji programu David Kobia, na katika siku chache tu tovuti ya Ushahidi ikawa hewani. Miaka miwili baadaye programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Wanaoisimulia habari hii hupenda kukaa kwenye teknolojia ya ramani. Mimi naona kiini chake kipo kabla ya ramani. Watu waliokuwa katika hofu walimpelekea taarifa nyeti mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kukutana naye, kwa sababu walikuwa wamemsoma kwa muda mrefu na kumjua anavyopima mambo. Na waliomsaidia walimfahamu kwa njia ile ile. Imani ya namna hiyo haijengwi kwa wiki moja ya matangazo, wala haionekani kwenye takwimu za wageni wa siku mpaka siku inapohitajika.

Pingamizi la kwanza liko wazi. Huyu alikuwa sheikh mwenye elimu kubwa, yule mwanasheria msomi. Mtu wa kawaida ana nini cha kuandika? Jibu langu ni kwamba kilichowafanya wasomwe hakikuwa vyeo. Wapo masheikh na wanasheria wengi waliokuwa na elimu kama yao na hawakuacha andiko hata moja. Walichokuwa nacho hawa ni jambo moja walilolijua kwa karibu, na nidhamu ya kulirudia. Historia ya blogu za Kiswahili inathibitisha. Ndesanjo Macha, aliyekuwa na Jikomboe, miongoni mwa blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili, alikuwa mtu mmoja aliyeamini kwamba lugha hii inastahili kuwepo kwenye intaneti, akaandika kwayo wakati wasomaji walikuwa wachache mno, na akawashawishi wengine kuanza. Mmoja wao alikuwa mpigapicha wa magazeti, Issa Michuzi, aliyefungua blogu yake mwaka 2005. Alichokuwa nacho Michuzi ni kamera na mazoea ya kuwapo kwenye matukio. Aliweka picha kila siku: mikutano, harusi, misiba, viongozi, watu wa mitaani. Watanzania walioko Ulaya, Marekani na Uarabuni, ambao magazeti ya nyumbani yaliwafikia kwa shida au hayakuwafikia kabisa, walizisubiri picha hizo. Ni kweli kwamba blogu ile hatimaye ikawa kubwa sana, na mtu anaweza kusema basi huo ni mfano wa umati. Lakini umati ulikuja juu ya maelfu ya picha zenye tarehe na maelezo, zilizowekwa siku ambazo hapakuwa na tukio kubwa lolote. Kila mtu aliyefanya kazi moja kwa miaka kadhaa, awe fundi cherehani, muuguzi, mvuvi wa Kilwa au mwalimu wa hisabati, ana maswali ambayo watu humuuliza tena na tena. Majibu yake kwa maswali hayo yanatosha blogu ya miaka mitatu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na nalichukulia kwa uzito wake: watu hawasomi tena blogu, wako Instagram, TikTok na WhatsApp, kwa nini mtu asiende waliko? Aende. Sehemu hizo ni njia nzuri za kuwapata watu, na kuzikataa ni kujinyima. Ninachopinga ni kuzifanya makao. Ukiandika kwenye jukwaa la kampuni, kampuni ndiyo inayoamua nani akuone leo, na kesho inaweza kubadilisha uamuzi bila kukuuliza. Inaweza pia kufunga duka. Yahoo iliifunga GeoCities mwaka 2009, na pamoja nayo zikaondoka kurasa binafsi za mamilioni ya watu, ingawa wahifadhi wa kujitolea waliwahi kunakili sehemu yake. Posterous, ambayo wengi waliipenda kwa urahisi wake wa kublogu kwa barua pepe, ilifungwa Aprili 2013 baada ya kununuliwa na Twitter. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019, licha ya nguvu zote za Google. Mwaka huo huo ilijulikana kwamba MySpace imepoteza muziki ambao watumiaji walikuwa wameupakia kwa zaidi ya miaka kumi, wakiwamo wasanii wasiokuwa na nakala nyingine. Orodha hii inaweza kurefushwa. Kampuni hizo hazikuwa dhaifu, na watumiaji wao hawakuwa wajinga. Tatizo lilikuwa kwamba kazi ya mtu ilikaa mahali ambapo yeye hakuwa na neno la mwisho.

Ndiyo maana, katika mambo ya kiufundi, naliona moja tu kuwa la lazima: jina la kikoa lako mwenyewe, liwe la .co.tz, .co.ke au .com. Ada yake ya mwaka mfanyakazi wa kawaida anaimudu. Ukiwa nalo, unaweza kuihama kampuni iliyokuhifadhia kurasa ukaenda nyingine, na msomaji asijue kwamba umehama, maana anwani ni ile ile. Asiyekuwa na uwezo huo aanze kwa anwani ya bure ya Blogger au WordPress, kwa sharti kwamba kila baada ya miezi michache anapakua nakala ya kila alichoandika. Huduma zote mbili zinaruhusu. Rangi, nembo na mpangilio wa ukurasa visimchukue zaidi ya siku moja. Msomaji mwenye simu ya bei nafuu na mtandao wa kusuasua anataka maandishi yafunguke haraka, na picha nzito kumi juu ya ukurasa zitamfukuza kabla hajasoma neno la kwanza.

Lipo suala la fedha, na linastahili ukweli. Google ilianzisha AdSense mwaka 2003, na tangu hapo wengi wameanzisha blogu wakitarajia matangazo yawalipe. Matangazo hulipa kwa wingi wa wanaotazama na wanaobonyeza, kwa hiyo blogu yenye wasomaji mia mbili waaminifu haitapata humo fedha ya maana, na mwandishi anayeilazimisha ipate ataanza kuandika juu ya kashfa za wasanii kwa sababu ndizo zinazobonyezwa. Hapo mkulima wetu wa nyanya amepotea, na waliomhitaji wamempoteza. Blogu ndogo hulipa kwa njia nyingine, kwa kuchelewa. Fundi aliyeeleza kwa picha namna anavyotengeneza pampu za maji hupigiwa simu na wateja waliokwisha kumwamini. Mwandishi hupata nafasi ya kuandika kwingine. Mkenya Jackson Biko, maarufu kwa jina la blogu yake, Bikozulu, anaandika kwa Kiingereza, lakini mwenendo wake una funzo kwa lugha yoyote: hadithi ndefu kila Jumanne, mwaka baada ya mwaka, na kutokana na wasomaji aliowapata hivyo akaweza kuuza vitabu vyake na kuendesha mafunzo ya uandishi ya kulipia. Jumanne ile ni ahadi, na msomaji anayejua siku ya ahadi hurudi mwenyewe bila kukumbushwa. Kwa mwenye muda mchache ahadi inaweza kuwa Jumamosi moja kwa mwezi. Afadhali hiyo, ikitimizwa, kuliko machapisho matano ya wiki ya kwanza na ukimya wa miezi minane.

Kwa msomaji wa Tanzania kuna pingamizi ambalo wa Nairobi hana kwa namna ile ile. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wasajiliwe na kulipia leseni: shilingi laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja nyingine ya kila mwaka. Kwa mtu anayeandika bila kuingiza kipato, hicho ni kiasi cha kufunga blogu, na wapo waliofunga. Nasema wazi kwamba lilikuwa kosa kuiwekea sauti ya mtu mmoja ada ya chombo cha habari, kwa sababu aliyenyamaza kwa kukosa fedha hizo ni yule mkulima na yule muuguzi, na wenye mitaji waliendelea. Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022, na mkazo wa leseni ukaelekezwa zaidi kwa wanaotoa habari na matukio. Kabla ya kuanza, soma kanuni zilizopo wakati huo kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ujue blogu yako inaangukia wapi. Kumbuka pia sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022: jina, picha au ugonjwa wa mtu mwingine si mali yako ya kuchapisha bila ridhaa yake. Blogu ya jambo moja la kitaalamu, inayosema ilichokiona na kutaja mahali na tarehe, ina nafasi nzuri ya kuishi katika mazingira haya kuliko blogu ya uvumi.

Siku hizi limeongezeka swali la akili mnemba. Ikiwa programu inaweza kumjibu mtu papo hapo, nani atakuja kusoma ukurasa wangu? Sehemu ya pingamizi hili ni ya haki: maswali mepesi, kama maana ya neno au namna ya kupika wali wa nazi, yatazidi kujibiwa bila mtu kufungua ukurasa wowote, na blogu iliyojengwa juu ya majibu hayo itapungukiwa na wasomaji. Lakini programu hizo hujifunza kutokana na yaliyoandikwa. Zikiulizwa juu ya mitego ya kantangaze katika kata fulani msimu uliopita, na hakuna aliyeandika, zitatoa maneno ya jumla yaliyopangwa vizuri, na mkulima atapata hasara kwa lugha fasaha. Upungufu wa maandishi ya Kiswahili yenye ujuzi wa mahali unaumiza zaidi sasa kuliko zamani. Anayeandika leo juu ya udongo wa kwao, samaki wa kwao, kesi za ardhi za kwao, anaweka kitu ambacho hakiwezi kubuniwa na yeyote asiyekuwapo. Na msomaji, akishaumizwa mara kadhaa na jibu lisilokuwa na mwenyewe, atatafuta jina la mtu anayeweza kumuuliza tena.

Kukua, basi, kuangaliweje? Takwimu za wageni zipo kwenye kila blogu, na ni vigumu kutozitazama, lakini zitazamwe mara moja kwa mwezi na kwa swali moja: ni kurasa zipi za zamani ambazo bado zinafunguliwa? Hizo ndizo za kurudiwa, kusahihishwa pale hali ilipobadilika, na kuongezewa ukurasa wa pili. Maoni na barua pepe zina uzito kuliko namba. Msomaji mmoja aliyeandika kusema "huku kwetu Lushoto imekuwa tofauti" amekupa mada ya wiki ijayo na kukusahihisha kwa wakati mmoja, na jibu lake liandikwe hadharani, akiwa ameridhia. Wanablogu nao watajane. Mwaka 2004 Daudi Were aliziunganisha blogu za Wakenya katika mtandao mmoja, Kenyan Blogs Webring, msomaji wa moja akapelekwa kwenye nyingine, na mazoea hayo ya kusomana ni sehemu ya sababu watu wa Ushahidi walipatana kwa siku chache. Kwa Kiswahili tunayahitaji zaidi, maana tumetawanyika kutoka Mombasa hadi Bukavu hadi Muscat, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Ukisoma andiko zuri la mwenzako, litaje kwa jina na uweke kiungo. Huko si kumpunguzia mtu wasomaji wake.

Nakuomba, msomaji, kabla hujafungua sura inayofuata, uandike kwenye karatasi swali moja ambalo watu watatu tofauti wamewahi kukuuliza kuhusu kazi unayoifanya. Lijibu kwa Kiswahili, kwa kirefu, kama unavyomjibu mtu aliyekuja nyumbani kwako na shida hiyo. Taja mahali, taja mwezi na mwaka, taja kilichoshindikana pamoja na kilichofaa. Lichapishe chini ya jina lako, kisha uchague siku ya kuandika la pili.